Jua la utosini: vifaa vya kufundishia astronomia karibu na ikweta

Misikiti mingi ya Dar es Salaam ina ratiba ya swala ya mwaka mzima imebandikwa ukutani. Mwalimu wa fizikia au jiografia anayelalamika kwamba hana data za astronomia aanzie hapo. Nakili safu ya adhuhuri kwa tarehe 1, 11 na 21 za kila mwezi upate namba 36, kisha wape wanafunzi karatasi ya grafu. Mstari hautanyooka. Katikati ya Februari utakuwa kileleni, karibu saa sita na dakika 37. Utashuka hadi dakika 19 hivi katikati ya Mei, utapanda tena hadi 29 mwishoni mwa Julai, kisha utaporomoka hadi kama dakika 7 mwanzoni mwa Novemba. Mara nyingi ratiba huongeza dakika chache za tahadhari, kwa hiyo grafu yote inaweza kukaa juu kidogo ya namba hizi. Umbo lake halibadiliki.

Hapo maswali mawili yanajileta yenyewe. Kwanza, kwa nini jua lisifike juu kabisa saa sita kamili? Kwa sababu saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo ya digrii 45, na Dar es Salaam ipo kwenye 39.3. Kila digrii moja ni dakika nne za mzunguko wa Dunia, hivyo Dar inachelewa kwa dakika 23. Nairobi inachelewa dakika 33, Mwanza 48, na Kigoma adhuhuri yake ya wastani inafika saa saba na dakika moja hivi. Pili, kwa nini wakati huo unayumba? Dunia hukaza mwendo mwanzoni mwa Januari ikiwa umbali wa kilomita milioni 147 kutoka kwenye Jua, hujivuta mwanzoni mwa Julai ikiwa milioni 152, na mhimili wake umeinama digrii 23.4. Mambo hayo mawili yakijumlishwa yanatoa mawimbi yote ya ile grafu. Hakuna seti ya kununua itakayofundisha jambo hili vizuri kuliko karatasi ya ukutani.

Nimeanza na ratiba kwa makusudi. Vifaa vingi vya astronomia vinavyopakuliwa bure, kuanzia karatasi za mazoezi hadi saa za jua na ramani za nyota, vimetungwa kwa ajili ya shule zilizo kati ya latitudo 40 na 55 kaskazini. Vingi ni vizuri sana. Lakini ukivitumia Mtwara au Kisumu bila kuvirekebisha, mwanafunzi atapima jambo moja uani na kusoma jingine kwenye karatasi, na kwa kawaida ataamini karatasi. Haya hapa ni mazoezi yanayofanya kazi huku kwetu, pamoja na mahali yanapoharibika.

Kijiti na timazi

Zoezi la kivuli linahitaji kijiti cha mita moja, ubao au sakafu iliyo sawa, timazi na pima maji ya fundi mwashi. Kijiti kikiinama digrii moja, jibu lako limekosea digrii moja, basi usikadirie kwa macho. Sakafu nayo ikiteremka sentimita 1.7 kwa mita, kosa ni lilelile.

Tatizo linalowasumbua wengi ni ncha ya kivuli. Haionekani vizuri, imefifia kwa upana wa karibu sentimita moja, kwa sababu Jua si nukta bali ni duara lenye upana wa nusu digrii. Dawa yake ni rahisi. Kata kipande cha bati au manila, toboa tundu la milimita 3 au 4, ukigandishe kwa ulalo juu ya kijiti. Badala ya ncha iliyofifia utapata doa la mwanga lenye upana wa milimita 13 hivi, na kitovu cha doa kinawekwa alama bila ubishi. Vipimo vyote vianzie chini ya tundu lenyewe, si kwenye shina la kijiti. Dondosha timazi kupitia tunduni uweke alama hiyo mapema.

Karatasi za kaskazini zinasema: tafuta kivuli kifupi kuliko vyote, hicho kinaelekea kaskazini. Kwetu maneno hayo yanaponza mara mbili. Dar es Salaam Jua hupita upande wa kusini kuanzia tarehe 10 au 11 Oktoba hadi tarehe 3 au 4 Machi, na kivuli cha adhuhuri huangukia kaskazini. Miezi iliyobaki Jua liko kaskazini na kivuli kinalala kusini. Kijiti cha mita moja kinatoa kivuli cha sentimita 30 kuelekea kaskazini tarehe 21 Desemba, na sentimita 58 kuelekea kusini tarehe 21 Juni. Nairobi ni sentimita 41 na 46. Kisha kuna zile siku mbili za mwaka ambapo Jua liko utosini kabisa na kivuli hakipo: Arusha ni tarehe 11 au 12 Machi na 1 Oktoba hivi, Mbeya ni mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. Ukipanga somo la kutafuta kaskazini kwa kivuli kifupi siku hizo, huna somo.

Njia isiyokwama ni ya duara. Chora kwa uzi duara la nusu kipenyo cha sentimita 60 kuzunguka alama ya timazi. Asubuhi doa linaingia ndani ya duara, weka alama linapovuka mstari. Alasiri linatoka, weka alama ya pili. Mstari unaounganisha alama hizo mbili ni mashariki na magharibi. Nusu kipenyo hicho kinafaa kwa sababu doa linavuka kama saa moja na nusu hadi saa mbili kutoka adhuhuri kwa sehemu kubwa ya mwaka, wakati kivuli kinakwenda haraka. Mwezi wa Juni, kwa walio kusini kama Dar au Mbeya, ongeza nusu kipenyo hadi sentimita 90, maana kivuli cha adhuhuri peke yake kinakaribia au kupita sentimita 60.

Mzingo wa Dunia kati ya Kisumu na Mbeya

Eratosthenes, Mgiriki wa kale aliyepima mzingo wa Dunia kwa vivuli, alitumia miji miwili ya Misri, Syene na Alexandria. Sisi tunaweza kutumia shule mbili zinazokaribiana kwa longitudo na kuachana kwa latitudo, na jozi nzuri ni Kisumu na Mbeya: moja iko karibu juu ya ikweta yenyewe, nyingine digrii 8.9 kusini. Nairobi na Arusha zinavutia kwa sababu ni jirani, lakini tofauti yao ni digrii mbili tu, na kosa la nusu digrii hapo ni robo nzima ya jibu.

Tarehe 21 Machi kivuli cha Kisumu kinakaribia sifuri, cha Mbeya ni sentimita 15.7 kwa kijiti cha mita. Pembe ya Mbeya ni digrii 8.9, ukitoa 0.1 hivi ya Kisumu inabaki tofauti ya 8.8. Umbali wa kutoka kaskazini kwenda kusini kati ya miji hiyo ni kama kilomita 975, upimwe kwa rula kwenye ramani yenye skeli. Usitumie urefu wa barabara. Wala usiupate kwa kuzidisha digrii za latitudo kwa kilomita 111, maana hapo umeshaingiza jibu ndani ya swali, kosa ambalo hata walimu wazoefu hulifanya bila kujua. Hesabu: 975 ukigawa kwa 8.8, ukizidisha kwa 360, unapata kama kilomita 39,900. Thamani halisi ni zaidi kidogo ya 40,000.

Sasa mtego. Karatasi za kaskazini zinaagiza kutoa pembe moja kwenye nyingine, kwa sababu huko Jua liko upande mmoja kwa shule zote mbili. Tarehe 5 Oktoba Jua liko katikati ya Kisumu na Mbeya. Kisumu kivuli kinaelekea kaskazini, sentimita 8.4, sawa na digrii 4.8. Mbeya kinaelekea kusini, sentimita 7, digrii 4. Vivuli vikitazama pande tofauti, pembe zinajumlishwa. Ukitoa, unapata digrii 0.8 na Dunia yenye mzingo wa kilomita 439,000, mara kumi na moja ya ukubwa wake. Mimi ningelifanya zoezi hili Oktoba makusudi, niwaache wanafunzi wapate Dunia hiyo kubwa, kisha niwarudishe kwenye mchoro.

Kila shule ipime adhuhuri yake. Mbeya inachelewa nyuma ya Kisumu kwa dakika tano, kwa hiyo kupigiana simu na kupima wakati mmoja si sahihi.

Taswira ya Jua ukutani

Kabla ya lolote: hakuna mtoto atakayetazama Jua kupitia filamu ya eksirei, CD, kioo kilichofukizwa moshi, wala kwenye beseni la maji. Maji yanapunguza mwanga lakini hayapunguzi vya kutosha. Kinachokubalika ni miwani yenye kiwango cha ISO 12312-2 isiyo na mkwaruzo, au kioo cha kuchomelea namba 14. Shule isiyo na hivyo ina njia bora zaidi, ambayo darasa zima linaona kwa pamoja na hakuna anayeligeukia Jua.

Chukua kioo kidogo cha kujitazamia, ukifunike kwa manila yenye tundu la milimita 6. Kisimike kwenye bakuli la mchanga juu ya kiti, nje, juani. Ukigeuze mpaka mwanga uingie mlangoni na kugonga ukuta wa ndani ulio mita 12 kutoka kwenye kioo. Ziba madirisha kwa kanga au mablanketi. Ukutani patatokea duara la sentimita 11 na ushee. Hilo si doa la tundu, ni Jua lenyewe. Thibitisha kwa kutoboa tundu la pembe nne: karibu na kioo doa lina pembe nne, mita kumi mbele linakuwa duara.

Kipenyo kinachoonekana kimeongezewa ukubwa wa tundu, kwa hiyo punguza. Ukipima sentimita 11.8, toa 0.6 ubaki na 11.2, gawa 1,200 kwa 11.2 upate 107. Maana yake Jua liko mbali nasi mara 107 ya kipenyo chake. Ukijua umbali ni kilomita milioni 149.6, kipenyo kinakuja karibu milioni 1.4 bila shida.

Usiahidi madoa ya Jua. Tundu la milimita 6 kwa taswira ya sentimita 11 linafifisha kila kitu kilicho chini ya sehemu moja ya ishirini ya kipenyo, na madoa makubwa hivyo ni nadra. Kupunguza tundu hadi milimita 3 kunanoa kidogo, lakini mwanga unabaki robo na chumba kinatakiwa kuwa giza kwelikweli. Kinachoonekana bila kukosa ni mwendo: duara linahama upana wake mzima kwa zaidi kidogo ya dakika mbili. Wapange watoto na saa ya simu, wapime, wakokotoe mzunguko wa Dunia.

Mwezi ulalao kama mtumbwi

Vitabu vingi vinachora mwezi mchanga umesimama, umeng'aa upande wa kulia. Mwanafunzi wa Tanga akitoka nje baada ya magharibi anaona hilali imelala chali kama mtumbwi, pembe zake zikielekea juu. Nani mwongo? Hakuna. Upande unaong'aa siku zote unaelekea lilikozama Jua, na karibu na ikweta Jua huzama karibu wima, kwa hiyo lipo chini ya mwezi badala ya kuwa ubavuni. Zile mbinu za kukariri kwa herufi D (mwezi unaokua) na C (unaopungua) zifutwe kabisa ubaoni.

Zoezi la balbu na mpira gizani linajulikana. Balbu moja ya LED ya wati 9 isiyo na kifuniko, kila mtoto na ndimu iliyochomekwa kwenye penseli, anazunguka mahali alipo. Linaharibika kwa namna moja hasa: mtoto anashika ndimu usawa wa macho, kichwa chake kinaitia kivuli, naye anahitimisha kwamba awamu za mwezi zinatokana na kivuli cha Dunia. Mwambie ainue ndimu juu kidogo ya kichwa, kisha eleza kwamba njia ya Mwezi imeinama digrii tano, ndiyo maana hatupati kupatwa kila mwezi. Kuta nyeupe nazo hurudisha mwanga na kufuta upande wa giza.

Lililo bora zaidi halihitaji balbu. Siku ya 7 hadi 10 ya mwezi mwandamo, saa tisa au kumi alasiri, Mwezi uko juu upande wa mashariki na Jua bado linawaka. Toka nje na ndimu, inyooshe mkononi ionekane kando ya Mwezi, ikipigwa na Jua. Ndimu na Mwezi vitakuwa na umbo moja, na mstari wa giza umeinama vilevile. Kwa robo ya mwisho fanya saa mbili au tatu asubuhi, Mwezi ukiwa magharibi.

Nazi, ulezi na Maskati

Skeli ya moja kwa bilioni kumi inafaa shule zetu kwa sababu hesabu zake ni nyepesi: kila kilomita milioni kumi inakuwa mita moja. Jua linakuwa na kipenyo cha sentimita 14, nazi kubwa iliyofuliwa. Utaridi ni punje ya chumvi mita 5.8 kutoka kwenye nazi. Zuhura, punje ya ulezi, mita 10.8, Dunia, ulezi mwingine, mita 15. Mirihi ni mbegu ya mchicha kwenye mita 23. Mshtarii ni gololi kwenye mita 78, Zohali ni punje nene ya karanga kwenye mita 143, na hapo umeshatoka nje ya uwanja wa mpira. Uranusi na Neptuni ni choroko mbili, mita 287 na 450, pengine ng'ambo ya barabara ya shule. Mwezi unakaa sentimita 3.8 kutoka kwenye Dunia.

Gundisha kila punje kwenye manila nyeupe kwa gundi, la sivyo utatumia kipindi kizima kutafuta ulezi kwenye nyasi. Na usikubali mpango wa kuzikuza sayari ili zionekane huku umbali ukibaki uleule. Hapo umerudi kwenye picha ya kitabu.

Katika skeli hii mwanga unatembea sentimita tatu kwa sekunde. Mpe mtoto mmoja kazi ya kuwa mwanga, atoke kwenye nazi kwa mwendo wa kinyonga, afike kwenye ulezi baada ya sekunde 500. Wengine watachoka kungoja, na ndiyo maana ya zoezi. Nyota iliyo karibu kuliko zote baada ya Jua, Proxima Centauri, ingekuwa kilomita 4,000 hivi: weka nazi Dar es Salaam, nyota inayofuata iko Maskati.

Spektroskopu ya boksi la viatu

Spektroskopu ni kifaa kinachotenganisha mwanga katika rangi zake. Hapa ndipo astronomia inageuka kuwa fizikia ya nyota, na hapa ndipo kazi za mikono huharibika zaidi. Mtu anapinda CD ndani ya boksi, anaona upinde wa mvua, anafurahi, basi. Upinde wa mvua bila kipimo ni mapambo. Tutengeneze kinachopima.

Tafuta boksi lenye urefu wa sentimita 30, upana 18. Kwenye uso mmoja wa upana, sentimita 3 kutoka ukingo wa kushoto, kata dirisha dogo na ulizibe kwa vipande viwili vya wembe vinavyotazamana wima. Mwanya uwe milimita 0.3: weka karatasi tatu za daftari katikati ya nyembe wakati wa kugundisha, kisha zichomoe. Nyembe zisipokuwa sambamba, mistari itakuwa minene upande mmoja.

CD ina mistari 625 kwa milimita. Kwaruza upande wa lebo kwa wembe, bandika selotepu, vuta kwa nguvu. Alumini itatoka na kubaki plastiki angavu. Iloweke kwenye maji ya moto kidogo kabla ya kukata kwa mkasi, vinginevyo itapasuka. Kata kipande cha sentimita mbili kutoka ukingo wa nje, ambako mistari imepinda kidogo, na ukiweke kwenye tundu la jicho upande wa pili wa boksi, likitazamana moja kwa moja na mwanya, mistari yake ikiwa wima kama mwanya. Hili la mwisho likikosewa, rangi zitapanda juu na chini badala ya kwenda kulia. DVD ina mistari zaidi ya mara mbili na hutawanya rangi mno kwa boksi hili, iache.

Ukichungulia, mwanya unauona mbele, na spektra inaonekana kulia kwake kwenye uso uleule. Kata hapo dirisha la urefu wa sentimita 9, lizibe kwa karatasi ya grafu yenye namba ili mwanga wa nje uiangaze kwa nyuma. Sasa elekeza kwenye taa ya tyubu ya darasani. Ndani yake kuna zebaki, na mistari yake haibadiliki: wa zambarau nanomita 436 utaangukia sentimita 8.5 kutoka kwenye mwanya, wa kijani 546 kwenye 10.9. Chora mstari kwenye grafu ukipitia nukta hizo mbili, na kifaa chako kimeshakuwa na skeli. Balbu ya LED haifai kusahihishia kwa sababu haina mistari. Ina kilima cha buluu karibu na 450 na mteremko mrefu. Lakini ioneshe, ilinganishwe na koroboi, ambayo rangi zake zinaungana bila pengo.

Kisha dondosha chumvi kwenye utambi uliolowa spiriti. Mstari wa njano utasimama kwenye 11.9, sawa na nanomita 589. Huo ni sodiamu. Kwa kweli ni mistari miwili iliyoachana kwa nanomita 0.6, lakini mwanya wa milimita 0.3 katika boksi la urefu huu unafifisha nanomita 1.5 hivi, kwa hiyo usiwalaumu wanafunzi wakiona mmoja.

Kwa Jua, tazama wingu jeupe au ukuta mweupe, kamwe si Jua lenyewe, na punguza mwanya hadi unene wa karatasi moja. Ukiwa umeziba vyema kila upenyo wa mwanga kwa selotepu nyeusi, mistari myeusi itaanza kujitokeza: 589 ya sodiamu, 517 ya magnesiamu, 486 ya hidrojeni. Mwaka 1868 mstari wa njano wa 587.6 ulionekana katika mwanga wa kingo za Jua, haukuwa wa sodiamu, na haukupatikana kwenye maabara hadi 1895. Ulikuwa wa heliamu. Mwanafunzi aliyegombana na boksi lake kutofautisha 589 na 587.6 ataelewa kwa nini lilikuwa jambo kubwa.

Kopo la maji na uzito unaopotea

Kopo bapa lenye uso wa sentimita za mraba 50, lililopakwa masizi ya koroboi upande mmoja na kuzungushiwa sponji ya godoro kwingine kote. Maji mililita 150, kipimajoto kupitia kizibo. Anza na maji yenye joto la chini kuliko hewa kwa digrii mbili au tatu, ili joto linaloingia mwanzoni lifidie linalotoka mwishoni. Uso uelekee Jua barabara: simamisha njiti juu yake, geuza mpaka kivuli cha njiti kiishe. Dakika kumi, tikisa, soma.

Jua la wati 1,000 kwa mita ya mraba lingepandisha maji hayo digrii 4.8. Wengi hupata 3 hadi 4, yaani wati 600 hadi 800, kwa sababu ya upepo na kopo kurudisha joto. Nje ya angahewa ni wati 1,361. Zidisha kwa eneo la tufe lenye nusu kipenyo cha kilomita milioni 149.6, utapata nguvu yote ya Jua, wati 3.8 mara kumi kwa kipeo cha 26. Gawa kwa mraba wa kasi ya mwanga: Jua linapoteza tani milioni nne na robo za maada kila sekunde. Jibu hilo limetoka kwenye kopo, na kosa la asilimia 40 halilipunguzii uzito wake.

Kwa kupanuka kwa ulimwengu, acha puto. Nukta zilizochorwa kwenye puto nazo hupanuka, ilhali galaksi hazipanuki. Tumia mpira wa manati wa nusu mita wenye vifungo vya karatasi kila sentimita tano. Uvute hadi mara mbili, pima kila kifungo kimehama kiasi gani kutoka kwenye kimoja ulichochagua. Cha mbali kimehama zaidi. Chagua kifungo kingine, jibu ni lilelile.

Usiku

Ramani ya nyota ya kuzungusha iliyotengenezwa kwa latitudo 40 kaskazini haina Msalaba wa Kusini, na imeweka katikati Nyota ya Kaskazini ambayo Dar na Nairobi iko chini ya upeo wa macho. Programu ya Stellarium ni ya bure na inafanya kazi bila intaneti ikishawekwa. Jambo la kwanza ni kuiwekea mahali ulipo, la pili ni kupeleka tarehe kwenye siku mliyopima kivuli na kuhakikisha Jua lake linakubaliana na kijiti chenu. Chapisha anga la saa mbili usiku kwa kila mwezi, kurasa 12, ndizo zitakazotumika umeme ukikatika.

Msemo wa Kilimia, kile kishada cha nyota kiitwacho pia Pleiades, nao upimwe: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kwenye Stellarium fuatilia Kilimia kinavyopotea machweo mwishoni mwa Aprili, masika ikiwa imekolea, na kurudi alfajiri ya Juni, kiangazi. Halafu Novemba, kinazama alfajiri na kuchomoza machweo, wakati wa vuli.

Darubini si ya lazima. Ikipatikana, ya lenzi ya milimita 50 kama Galileoscope, iliyobuniwa kwa ajili ya mwaka wa astronomia wa 2009, inaonyesha mashimo ya Mwezi na miezi minne ya Mshtarii kwa ukuzaji wa mara 25, mradi iwe kwenye tripodi imara; ikishikwa mkononi haionyeshi kitu. Pwani adui wake ni kuvu. Ukiifungia kabatini baada ya usiku wenye unyevu, lenzi huota nyuzinyuzi ambazo hazifutiki bila kuharibu glasi. Iache ikauke kwanza, kisha itunzwe kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko pamoja na vifuko vya jeli ya silika, na vifuko vyenyewe vikaushwe kila baada ya miezi michache.

Tarehe 2 Agosti 2027 Jua litapatwa kabisa Misri na Saudia, na huku kwetu sehemu yake tu, mchana baada ya adhuhuri. Kioo chenye tundu la milimita 6 kitatosha. Kijaribiwe wiki moja kabla, saa ileile, maana Jua litakuwa juu upande wa kaskazini-magharibi na si kila mlango wa darasa utaweza kupokea mwanga wake.